Kodiani, Mkwe na Mguu wa Breki

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna mtu katika mtaa huu anayenishinda kupiga kodiani. Nimeandika kwa wino. Anayebisha aje tukutane mlangoni.

Mkwe wangu, mke wa kijana wangu, amepita nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akasoma, akasema kwa adabu yake ile inayowasha kama pilipili, "Baba, daftari nimekupa la kuandikia mazoezi."

Haya, nisahihishe. Hakuna anayenishinda kwa sababu hakuna mwingine mwenye kodiani, na hii niliyo nayo imeingia humu ndani jana. Kupiga sijui. Ujanani nilimbebea mwanamuziki mmoja sanduku lake la kodiani kwa msimu mzima, nikalibeba vizuri sana, sikuliangusha hata siku moja. Muziki wangu wote ni huo.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Rafiki yangu Kinyozi, ambaye amenyoa vichwa vya mji huu mpaka vikaisha nywele vyenyewe, ndiye mpiga kodiani wa bendi yetu ya wastaafu. Mimi kwenye bendi napanga viti. Mwezi uliopita Kinyozi kapigwa na kiharusi, mkono wa kushoto umelala. Jana kwenye kikao, kiongozi wetu, tunayemwita Kapteni ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi, akasema tusihangaike: mpwa wake ana kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Na kwa kuwa kinanda hicho hakiujui wimbo wa Kinyozi, wimbo huo tuuache.

Wimbo wenyewe unaitwa "Kunyoa Bila Maji". Kautunga mwenyewe. Katikati bendi nzima inanyamaza na kodiani inakwenda peke yake. Ukumbi wa wastaafu unawekewa paa jipya, utafunguliwa tarehe 24 Mei, na Kinyozi alikuwa anaingoja siku hiyo kama bwana harusi.

Nikamtazama. Alikuwa anautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine uliosahaulika pale mapajani. Mdomo wangu ukasimama kabla yangu: "Mimi nitapiga. Nilikuwa napiga ujanani."

"Wewe?" Kapteni akasema. "Fundi bomba?"

"Mimi."

Sasa ndiyo hivyo, na kodiani ya Kinyozi iko mezani kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga. Paka wetu kahamia kwa jirani.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi kaja kunionyesha. Kodiani hii haina yale meno meupe na meusi ya piano, ina vitufe, kama koti la askari. Kaniwekea vidole kimoja kimoja kwa mkono wake mzima. Kasema kitufe kimoja kina sauti mbili: ukivuta ile mikunjo ya katikati inatoka moja, ukiisukuma inatoka nyingine. Mikunjo hiyo mimi naiita mapafu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nafikiria nitavaa koti gani siku ya kufungua ukumbi.

Bibi yangu, mama watoto, kaniuliza kama kile kitu kinaumwa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza, inagonga bati, nami nimeshukuru kwa sababu inanifichia aibu.

Leo kuna jambo. Lakini kwanza nimseme mkwe wangu. Kijana wangu yuko kazini mbali, hurudi mwisho wa mwaka, na mkewe amebaki nasi. Anafundisha udereva. Ni mtu wa maneno machache. Anasalimia, anakula, anaosha sahani yake, analala. Mimi nilishamwambia bibi yangu kwamba kijana wetu kaoa kabati la nguo: zuri, limesimama wima, halizungumzi.

Leo jioni kabati limezungumza.

"Baba, naomba nikuulize kitu, usikasirike."

"Nikikasirika utaniona."

"Wimbo huu jioni hii umeuanza mara nyingi sana. Umeumaliza mara ngapi?"

"Kuumaliza ni mambo ya baadaye."

"Na unaharibikia wapi?"

"Palepale. Pale bendi inaponyamaza."

Akavuta kigoda, akakaa. "Basi ni hivi. Unatoka nyumbani na gari, unafika kwenye kona, unagonga ukuta. Unarudi mpaka nyumbani, unaanza safari upya, unafika kwenye kona, unagonga ukuta. Njia iliyonyooka umeshaijua, baba. Unaiendesha vizuri mpaka raha. Lakini kona unaipita mara moja tu kila safari, tena kwa kugonga."

"Sasa nifanye nini?"

"Twende tukakae konani."

Nikamuuliza, "Wewe kodiani unaijua?"

"Siijui hata kidogo. Nawajua watu wanaojifunza."

Nimenuna, lakini nimenuna huku nacheka.

Jumamosi, 15 Machi

Tumekaa konani. Sauti nane tu, za mahali pale pagumu. Polepole, mpaka nikasinzia kati ya sauti ya tatu na ya nne. Mkwe kachukua vibanio vitatu vya nguo, kaviweka kushoto kwangu mezani. Nikipita kona bila kukosea, kibanio kimoja kinahamia kulia. Nikikosea, vyote vinarudi kushoto. Vikihama vyote, tumemaliza, nakwenda kupumzika, na ni marufuku kuendelea.

Leo havikuhama. Kibanio kimoja kilifika kulia kikakaa kidogo, kikarudi kwao.

Jumatatu, 17 Machi

Vibanio viwili. Kisha kushoto vyote. Nimekitukana kibanio.

Alhamisi, 20 Machi

Upepo umechukua shuka ya bibi yangu kwenye kamba kwa sababu vibanio viko kwangu. Imeonekana kwenye paa la jirani. "Mzee," kaniambia, "ukiweza kupiga huo wimbo kabla hatujalala uchi, nijulishe."

Jumamosi, 29 Machi

Nimegundua kitu, na nimecheka peke yangu hadi nikakohoa.

Mkwe anakaa kulia kwangu tunapofanya mazoezi. Leo nimeona kwamba kila ninapokaribia kona kwa haraka, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Kwa nguvu! Nikipunguza mwendo, mguu unainuka.

"Mkwe, mguu wako una nini?"

Akaona haya, mara yangu ya kwanza kumwona akiona haya. "Nisamehe baba. Gari letu la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwangu. Mguu umeshazoea kuokoa maisha."

Basi nikaanza kumchokoza. Naongeza mwendo makusudi, mguu pu! Naongeza tena, pu! Mpaka akasema, "Baba, mafuta ni ghali," tukacheka wote wawili, na bibi yangu akaja kutazama mlangoni maana hajawahi kusikia kicheko cha mkwe wake. Ni kicheko kikubwa. Sijui alikuwa anakiweka wapi.

Vibanio vitatu vimehamia kulia. Naandika tena: vitatu. Nimekwenda nje kwenye mvua bila kofia.

Alhamisi, 3 Aprili

Mkwe kasafiri na wanafunzi wake, wanakwenda kutahiniwa mji mwingine, atarudi baada ya siku kumi na kitu. Kaniachia maagizo: nusu saa kwa siku, kona kwanza, usiongeze.

Nusu saa! Huyu anafikiri nakunywa nini mimi, dawa ya kikohozi? Nataka akirudi akute mfalme.

Tatizo ni muuguzi, mpangaji wetu wa chumba cha pili. Anafanya kazi usiku, mchana ndipo anapolala, na kashatishia kuhama. Nikafikiria. Nikafunga mkanda wa mapafu ya kodiani, yasifunguke, nikapiga vitufe tu. Hakuna sauti. Tik tik tik, kama kuku anadonoa sahani. Akili hizi nimezaliwa nazo, darasa la nne hawakunifundisha.

Jumapili, 6 Aprili

Asubuhi hadi adhuhuri, kimya kimya. Vidole vinakimbia.

Jumatano, 9 Aprili

Vidole vyangu leo ningeweza kuviuza. Wimbo mzima, bila kusimama, macho nimefumba. Muuguzi kanisifu kwa utulivu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote, maana mkwe alisema tuandike hasa siku mbaya.

Bendi ilifanya mazoezi kwenye gereji iliyo jirani na ukumbi, mvua inamwagika, tumebanana kati ya magari mawili yasiyo na magurudumu. Mpwa wa Kapteni alikuwepo na kinanda chake ndani ya mfuko, kakaa pembeni kama mchezaji wa akiba. Kinyozi hakuja. Alisema anaona baridi. Najua hakuona baridi, alikuwa anaogopa.

Nilivaa koti. Nikawaambia wajiandae. Niliwaambia hivyo kweli.

Ngoma ikaanza, gitaa likaingia, tarumbeta ikaingia, nami nikafungua mapafu na kuvipa vidole ruhusa.

Vidole havikukosea kitufe hata kimoja. Lakini kilichotoka hakikuwa wimbo wa Kinyozi, wala hakikuwa wimbo wa mtu yeyote. Nusu ya sauti zilikuwa zake, nusu zilikuwa za wageni. Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta akaniuliza, "Huo wa nani?" Nikazidi kupiga, maana nilidhani kodiani itatambua kosa lake. Tukafika pale pa kunyamaza. Wakanyamaza. Mapafu yakaishiwa pumzi katikati ya kona, kodiani ikatoa mlio wa mbuzi aliyekalia moto, nami nikabaki na vidole vinadonoa, tik tik tik, mbele ya watu.

Mpwa wa Kapteni akautazama mfuko wake. Ana adabu, na adabu yake ilinichoma.

Nilielewa njiani, nimeikumbatia kodiani chini ya koti isilowe. Kitufe kimoja kina sauti mbili. Ukivuta hii, ukisukuma ile. Kinyozi aliniambia siku ya kwanza kabisa nikaitikia ndiyo. Mimi nimefunga mapafu siku tisa, nimevifundisha vidole safari nzima, na mkono wa kushoto, ambao ndio unaoamua itoke sauti ipi, sikuufundisha kitu. Ulikuwa umelala. Kama wa Kinyozi, tofauti ni kwamba wangu ni mzima.

Kapteni kasema, "Tarehe 10 Mei tunasikiliza tena. Mara moja. Usipotoka vizuri, wimbo tunaufuta kwenye ratiba. Sikuonei, mzee mwenzangu. Watu watakuja na familia zao." Ana haki, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Bibi yangu hakunitania. Kaniwekea maji ya moto ya miguu. Asiponitania naogopa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda kwa Kinyozi kumrudishia kodiani. Duka lake la kunyolea hufungwa Jumapili, alikuwa amekaa peke yake kwenye kile kiti cha wateja kinachozunguka, amejitazama kwenye kioo. Habari zilishamfikia.

"Nimekuja kusema ukweli," nikamwambia. "Mimi sijawahi kupiga."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Yule uliyembebea sanduku alikuwa ananyoa hapa. Alikuwa anasema ana kijana mmoja mbebaji, mwenye mdomo mpana kuliko sanduku."

"Sasa mbona ulinyamaza kwenye kikao?"

Akajizungusha na kiti, taratibu, kwa mguu mmoja, mpaka tukatazamana. "Kapteni alipotaja kinanda cha mpwa wake, watu wote walitazama viatu vyao. Watu niliowanyoa bure siku za harusi zao. Wewe peke yako ulifungua mdomo. Ni mdomo mbovu, lakini ulifunguka. Mimi nimkatalie mtu huyo kodiani?"

Nikainamisha uso juu ya kodiani.

"Usiniletee uso huo dukani kwangu," akasema. "Kaa hapa. Pakata kodiani."

Nikapakata. Akasogeza kiti chake kulia kwangu, akapitisha mkono wake wa kulia, ule mzima, akaweka vidole kwenye vitufe. "Vidole ni vyangu," akasema. "Mapafu ni yako. Nikisema vuta, vuta. Nikisema rudi, rudi."

"Vuta. Vuta. Rudi. Vuta. Rudi, rudi, rudi, wewe fundi bomba, hufungi koki! Rudi kama unamrudisha mtoto kitandani."

Mara wimbo ukatoka. Polepole mno, lakini ni wenyewe. Wazee wawili, kodiani moja, mkono wake na mkono wangu. Tulipofika kona nikasikia kwa mara ya kwanza kona ni nini: vidole vinaruka wakati uleule mapafu yanapogeuka. Mambo mawili mlangoni kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimelifundisha moja.

Tuliporudia mara kadhaa nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho, na alikuwa anapiga. Tangu augue hajapiga. Nikakazana na mapafu yangu, nikasema moyoni, wallahi mapafu haya hayatakata pumzi.

Kodiani nimerudi nayo.

Jumanne, 15 Aprili

Mkwe karudi. Wanafunzi wake wote wamefaulu isipokuwa mmoja aliyegonga pipa la taka la mtahini. Kalisoma daftari hili, kila ukurasa, na makabati niliyomwita pia, nilisahau kuyafuta. Makabati akayaruka kwanza.

Kuhusu kodiani kasema: "Wanafunzi wengine huwa wanajifunza kubadilisha gia gari likiwa limezimwa. Dakika chache si mbaya. Siku tisa ni mbaya, baba, maana gari lililozimwa haliwezi kukuambia umekosea."

"Sasa?"

"Sasa tunawasha. Muuguzi nitaongea naye, tutapiga akishatoka kwenda kazini." Kisha akafunga daftari. "Na mimi ni kabati la mbao gani?"

"Mninga," nikasema haraka.

"Afadhali."

Jumanne, 22 Aprili

Mazoezi sasa ni haya: mkono wa kushoto peke yake kwanza, kuvuta na kurudi, bila kugusa kitufe cha wimbo. Kodiani inahema tu. Kisha vidole na mapafu, sauti mbili. Kisha nne. Kisha kona nzima, vibanio mezani. Nusu saa, na nikiomba nyongeza nanyimwa. Kinyozi anakuja siku moja moja, anakaa kulia, mkwe anasogea kushoto, nami nakuwa katikati kama mshtakiwa.

Leo nimemwambia mkwe jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Miaka yangu yote ya kazi nimebeba mabomba kwenye baiskeli, mvua na jua, na sijawahi kukaa kwenye kiti cha dereva. Hata gari lililosimama.

Akafikiri. "Siku ukipita kona mbele ya watu, mguu wangu usiguse sakafu, nitakukalisha. Mzunguko mmoja, uwanja wetu wa mazoezi."

"Mashahidi?"

"Mimi nimesikia," akasema Kinyozi.

"Mimi pia," akasema bibi yangu toka jikoni. "Na siku hiyo mnijulishe nisipite karibu."

Jumapili, 27 Aprili

Vibanio vitatu. Mguu uligonga mara moja.

Jumamosi, 3 Mei

Unyevu umeingia kwenye kitufe kimoja, kinanata. Kinyozi kakifungua kwa mkono mmoja na meno.

Jumatano, 7 Mei

Mkwe kaniamuru nianzie popote atakapotaja. Katikati, mwisho, sauti ya tano ya kona. Wimbo sasa naujua kama nyumba yangu gizani. Muuguzi kabla ya kwenda kazini kasimama mlangoni hadi mwisho, kachelewa basi.

Jumamosi, 10 Mei

Kapteni kasikiliza. Kona nimeipita na kosa moja, nikaendelea bila kusimama, maana hilo nalo tulilifanyia mazoezi: ukikosea barabarani huzimi gari. Kapteni kavua miwani, kaifuta. "Uko kwenye ratiba," kasema. Mpwa wake ndiye aliyepiga makofi kwanza. Kijana mzuri yule, nimemsema vibaya kichwani bure.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Shuka zetu zimeanza kukauka.

Jumamosi, 24 Mei

Ukumbi ulijaa. Paa jipya linang'aa. Kinyozi mstari wa mbele, suti ya kijivu, kanyolewa na mwanafunzi wake na kalalamika njia nzima. Bibi yangu kushoto kwake. Mkwe kulia, viatu vyekundu. Nilivitafuta viatu hivyo kabla sijatafuta kitufe.

Tulianza. Njia iliyonyooka, salama. Ngoma iko vizuri, gitaa liko vizuri, nami nawasindikiza tu kwa heshima. Nikaiona kona inakuja. Tarumbeta ikashuka. Gitaa likanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Ukumbi mzima, na mimi.

Nikatazama kiatu chekundu cha kulia.

Kiliinuka. Nikafikiri sasa kinakanyaga. Hakikukanyaga. Mkwe wangu alipandisha mguu, akauweka juu ya goti la pili, akakunja nne, mikono imetulia mapajani, kama abiria aliyechoka anayemwamini dereva mpaka anataka kusinzia. Siku nyingine yoyote ningesema, mkwe gani huyu anayekunja nne mbele ya baba mkwe! Leo nimeona sijawahi kuheshimiwa hivyo.

Nikavuta. Nikarudi. Vidole vikaruka wakati mapafu yanageuka, mambo mawili yakapita mlangoni pamoja, hayakugusana hata bega. Sikuikimbiza. Kinyozi alikuwa ananong'ona, nilimwona midomo: vuta, rudi, rudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga vitufe kwenye goti la suti. Kona ikaisha, ngoma ikarudi, watu wakapiga kelele, na mimi sikusikia kelele zao vizuri kwa sababu nilikuwa namtazama mwenye wimbo.

Mwisho Kapteni akaita jina la mtunzi. Kinyozi akasimama mwenyewe. Hakushikwa na mtu.

Mtu mmoja kaniuliza mlangoni nimejifunza kodiani kwa nani. Nikamwonyesha. "Yule pale, mwenye viatu vyekundu. Mkwe wangu. Muziki hajui hata kidogo." Nilisema kwa sauti wasikie na walio nje.

Jumatatu, 26 Mei

Nusu saa. Wimbo mpya, Kinyozi kauchagua. Una kona tatu, mshenzi yule.

Mkwe, najua utasoma hapa kabla ya chai. Uwanja wenu umekauka, nimepita leo kwa miguu kuhakikisha. Mashahidi wote wawili wazima na wanakumbuka. Jumamosi nitakuwa mlangoni na koti langu. Mzunguko mmoja tu, polepole, siombi zaidi ya ulichoahidi. Ila ukikaa pale pembeni yangu, nakuomba, mwanangu: kunja nne.